Sura ya 7: Betri Mbili kwenye Fremu ya Mbele ya Trela

Trela ya safari, yaani nyumba ndogo ya magurudumu yenye vitanda, jiko, choo na bomba la maji ambayo huvutwa na pikapu au gari la familia, ni chombo cha kawaida katika barabara za Marekani na Kanada, na nyingi huuzwa zikiwa na betri moja tu ya volti 12 iliyofungwa nje, mbele ya ukuta wa kwanza. Betri hiyo moja humtosha anayelala katika viwanja vya kambi vyenye nguzo za umeme, kwa sababu akishachomeka waya wake kwenye nguzo, chaja iliyomo ndani ya trela huhudumia vifaa vyote na betri hukaa ikisubiri. Hali hubadilika trela inapopelekwa mahali pasipo na nguzo, kama vile ardhi ya umma ya majimbo ya magharibi inayosimamiwa na Bureau of Land Management, idara ya serikali kuu ya Marekani ambayo katika maeneo yake mengi huruhusu watu kupiga kambi hadi siku 14 bila bomba, bila umeme, na mara nyingi bila malipo.

Hapo ndipo wazo la betri ya pili huzaliwa, na kwa kawaida huzaliwa kama wazo la umeme peke yake: iliyopo haitoshi, basi iongezwe nyingine. Lakini pembetatu ya chuma iliyo mbele ya trela, ambayo ndiyo mahali pa kawaida pa kuweka betri, tayari imebeba kiungio kinachoshika gari, jeki ya kuinulia, mitungi ya gesi ya kupikia na nyaya za breki, na kila kinachoongezwa hapo huigusa mizigo hiyo yote. Kwa sababu hiyo sura hii inaitazama kazi ya kufunga betri mbili kuwa ni kazi ya uzito na usalama kwa kiwango kilekile ambacho ni kazi ya umeme, na inashikilia kwamba anayeanza na kununua betri kabla ya kupima fremu ameianza kazi kutoka mwisho.

Mahitaji ya usiku mmoja

Kiasi cha umeme ambacho betri huweza kutoa hupimwa kwa ampea-saa, kipimo kinachopatikana kwa kuzidisha mkondo kwa muda, kwa hiyo kifaa kinachotumia ampea 2 kwa saa 5 huwa kimemaliza ampea-saa 10. Mlaji mkubwa wa umeme katika usiku wa baridi ni feni ya hita, kwa maana joto lenyewe hutoka kwenye gesi, lakini hewa ya moto haisambai ndani ya trela bila feni inayovuta takriban ampea 8. Feni hiyo ikifanya kazi kwa jumla ya saa 4 kati ya jioni na asubuhi, itamaliza ampea-saa 32. Taa chache za LED zitachukua kama 6, pampu ya maji 2, na vile vifaa vidogo visivyozimwa kamwe, yaani kitambuzi cha gesi inayovuja na bodi inayoongoza friji, vikitumia nusu ampea mchana na usiku vitachukua 12. Jumla ni ampea-saa 52 kwa siku moja yenye matumizi ya kadiri.

Betri inayokuja na trela nyingi ni ya ukubwa unaoitwa kundi la 24 katika orodha ya vipimo ya Battery Council International, chama cha watengenezaji wa betri, na uwezo wake huwa karibu ampea-saa 80. Hata hivyo, betri ya risasi na asidi, ambayo msingi wake uliwekwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haipaswi kutumiwa hadi mwisho, kwa sababu kadiri inavyoshushwa ndivyo bamba zake za risasi zinavyofunikwa na salfeti ambayo, ikikaa muda mrefu, hugeuka kuwa ganda gumu lisiloondoka tena kwa kuchaji. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuishia nusu, hali inayotambulika kwa multimita kuonyesha takriban volti 12.1 betri ikiwa imetulia bila kutumika, ilhali ile iliyojaa huonyesha 12.6 au zaidi kidogo. Nusu ya 80 ni 40, na mahitaji ni 52, kwa hiyo betri moja huvuka mpaka wake kabla ya mapambazuko.

Mfuatano na sambamba

Betri mbili huunganishwa kwa njia mbili. Katika mpango sambamba, kichwa chanya cha betri ya kwanza huungwa na chanya cha pili, na hasi na hasi, volti zikibaki 12 huku ampea-saa zikijumlishwa. Mbili za kundi la 24 hutoa hivyo ampea-saa 160, yaani 80 za kutumika kwa usalama. Katika mpango mfuatano, chanya cha betri moja huungwa na hasi cha nyingine, volti zikajumlishwa na ampea-saa zikabaki zilezile. Mpango huu wa pili ndio unaotumika katika malori mengi, yakiwemo yanayopita barabara za Afrika Mashariki, ambamo betri mbili za volti 12 hutoa volti 24 za kuwashia injini, na aliyezoea malori anapaswa kukumbuka kwamba vifaa vya trela vimetengenezwa kwa volti 12, hivyo volti 24 zitaviunguza mara moja.

Mfuatano hufaa kwa trela pale tu betri zenyewe zinapokuwa za volti 6, na hapa ndipo betri za magari madogo ya viwanja vya gofu zilipojipatia sifa. Betri hizo, zinazojulikana kama GC2, zilibuniwa kwa kazi ya kushushwa na kuchajiwa kila siku, kwa hiyo bamba zake ni nene kuliko za betri ya kuwashia gari. Moja hubeba takriban ampea-saa 220, na mbili zikifungwa kwa mfuatano hutoa volti 12 na ampea-saa 220, ambazo nusu yake ni 110, zaidi ya mahitaji ya siku mbili yaliyokokotolewa hapo juu. Mfuatano una faida nyingine: mkondo mmoja tu hupita katika betri zote mbili, kwa hiyo hakuna inayofanya kazi zaidi ya mwenzake, ilhali katika mpango sambamba betri dhaifu huivuta chini iliyo nzima. Anayechagua sambamba hupunguza tatizo hilo kwa kununua betri mbili za aina moja na umri mmoja, na kwa kuchukua waya chanya wa kwenda kwenye trela kutoka betri moja na waya hasi kutoka ile nyingine, ili mkondo upite umbali sawa katika kila betri. Katika mpango wowote kati ya hiyo miwili, kuunga betri mpya na kuukuu ni kuinunulia ile mpya uzee.

Uzito na mahali pake

GC2 moja huwa na kilo 28 hivi, kwa hiyo mbili ni kilo 56, na pamoja na sanduku, vyuma vya kushikilia na nyaya nene jumla hukaribia kilo 65. Uzito huo haubebwi na trela peke yake. Trela ya ekseli za katikati husimama kama mzani ambao sehemu ya mzigo wake huukandamiza mpira wa chuma ulio nyuma ya gari, na mgandamizo huo, unaoitwa uzito wa mbele, unashauriwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela iliyopakiwa. Ukipungua sana, trela huanza kuyumba kushoto na kulia kwa mwendo wa barabara kuu, jambo ambalo limepindua magari mengi; ukizidi, nyuma ya gari hulala na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza, hupungukiwa na mshiko barabarani.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme katikati ya ekseli ni mita 5 nyuma ya kiungio, na betri zitakaa sentimita 80 nyuma ya kiungio hicho. Betri ya zamani ya kilo 22 ikiondolewa na kilo 65 zikawekwa mahali pake, ongezeko ni kilo 43, na sehemu yake inayofika kwenye kiungio ni 4.2 kwa 5, yaani kilo 36. Trela ya kilo 2,700 iliyokuwa na uzito wa mbele wa kilo 300 sasa ina 336, ambayo bado ni asilimia 12 na nukta kidogo, kwa hiyo uwiano wa trela haujaharibika. Lakini kikomo cha gari na kikomo cha chuma cha kuvutia lazima visomwe upya kwenye vibao vyake, maana kilo hizo 36, zikiwa mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 3.5, huondoa kama kilo 15 kwenye magurudumu ya mbele na kuiongezea ekseli ya nyuma kilo 51. Vilevile mitungi ya gesi hujaa na kupungua na tangi la maji hubadilisha hesabu yote, kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kile kinachochukuliwa kwenye mizani trela ikiwa imepakiwa kama inavyosafiri.

Chuma kinachobeba

Katika trela nyingi reli mbili za fremu ya mbele hukutana kwenye kiungio kwa pembe ya nyuzi 50, kwa hiyo upana kati yake huongezeka kadiri mtu anavyorudi nyuma, na umbali wa sentimita 80 kutoka nchani huwa karibu sentimita 75. GC2 mbili zikisimama ubavu kwa ubavu huhitaji kama sentimita 37 kwa 27 kabla ya kuhesabu sanduku, na kimo chake hushinda kile cha kundi la 24, ndiyo maana sanduku la zamani halizipokei. Kabla ya kukata chuma chochote, kipande cha boksi gumu chenye vipimo hivyo kiwekwe mahali palipokusudiwa, kisha ithibitishwe kwamba mpini wa jeki unazunguka, kwamba mitungi ya gesi inatoka bila kufungua betri, na kwamba kona ya gari haifiki hapo trela inapopindwa kwa ukali wakati wa kurudi nyuma.

Betri hazipaswi kukaa juu ya bati jembamba lililochomelewa kwenye ukingo wa reli moja. Njia thabiti ni kulaza vyuma viwili vya pembe, vyenye unene wa milimita 5 hivi na mbawa za sentimita 4 hadi 5, kutoka reli hadi reli, ili uzito ugawanywe pande zote mbili na sanduku likae katikati. Swali la jinsi ya kuvishika vyuma hivyo lina jibu linalotokana na namna chuma kinavyopinda: reli inapobeba mzigo, uso wake wa juu na wa chini ndio unaovutwa na kukandamizwa zaidi, huku katikati ya ubavu wake kukiwa na mkazo mdogo, hivyo tundu linalotobolewa juu au chini ya reli huipunguzia nguvu pale inapozihitaji sana na huweza kuwa chanzo cha ufa. Salama zaidi ni kutotoboa kabisa na kutumia bolti zenye umbo la U zinazoikumbatia reli nzima, zikifungwa kwa nati zenye pete ya nailoni ambazo hazilegei kwa mtetemo. Kuchomelea pia hufaa kukifanywa na fundi anayejua chuma chembamba, baada ya betri kutolewa na nyaya zilizopita ndani ya reli kulindwa na moto.

Kinachopaswa kuogopwa si uzito uliosimama, ni uzito unaorushwa. Trela ikiingia shimoni na fremu ikapanda kwa nguvu mara tatu ya uvutano wa dunia, betri ya kilo 28 husukuma chini kana kwamba ni kilo 84, na inaporejea juu hutafuta kutoka sandukuni. Kwa hiyo sanduku lifungwe kwenye vyuma vya pembe, na betri nazo zishikwe kwa mkanda au kwa fimbo ya chuma yenye nati, isitegemewe kwamba kifuniko cha plastiki kitazizuia. Wengi huchagua sanduku la chuma lenye kufuli kwa kuhofia wezi, na hilo linakubalika mradi kifuniko kiwe na matundu ya hewa na upande wake wa ndani utandikwe mpira, ili kisije kikagusa vichwa vya betri na kuziunguza.

Nyaya, fyuzi na mtego wa rangi

Waya mwembamba hula volti njiani. Kwa umbali wa mita 3 kwenda na 3 kurudi, mkondo wa ampea 30 katika waya wa shaba wa milimita za mraba 8 hupoteza karibu volti 0.4, na katika waya wa milimita za mraba 21 hupoteza chini ya 0.2. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka ikumbukwe kwamba kati ya betri iliyojaa na iliyofika nusu kuna nusu volti tu, kwa hiyo waya mwembamba huifanya betri nzima ionekane imechoka, na wakati wa kuchaji huinyima volti za mwisho ambazo ndizo zinazoijaza. Waya chanya upitie kwenye fyuzi iliyo karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kwa kuwa fyuzi huulinda waya ulio mbele yake, na kipande kisicho na ulinzi kati ya betri na fyuzi hakina budi kuwa kifupi na chenye kuvikwa vizuri.

Rangi za nyaya zimewaponza watu wengi. Katika gari la kawaida waya mweusi ni hasi, lakini katika trela nyingi za Amerika ya Kaskazini waya mweusi unaotoka kwenye trela ni chanya na mweupe ndio hasi, na anayeunga kwa mazoea ya gari hugeuza mkondo na kukata fyuzi za chaja papo hapo, ikiwa ana bahati ya kuishia hapo. Dawa yake ni kuweka alama kwenye kila waya kabla ya kufungua wowote na kuhakikisha kwa multimita. Utaratibu wa kufungua nao una sababu yake: kwa kuwa fremu imeungwa na upande wa hasi, spana inayogusa kichwa chanya na fremu kwa pamoja huwa njia fupi ya mkondo mkali sana, kwa hiyo waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikiteleza kusiwe na mzunguko uliokamilika. Kabla ya yote hayo, trela iwe imechomolewa kwenye nguzo na kwenye gari.

Hewa, baridi na lithiamu

Betri ya risasi yenye maji, inapokaribia kujaa, huyavunja maji yake kuwa haidrojeni na oksijeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Hii ndiyo sababu ya msingi ya betri hizo kukaa nje, na ndiyo sababu ya matundu kwenye kifuniko kuwa juu, kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi na hupanda. Gesi ya kupikia ya propani ni nzito kuliko hewa na hushuka ikivuja, kwa hiyo sanduku la betri lisiwekwe chini ya vali za mitungi, wala swichi yenye cheche isifungwe kati ya viwili hivyo. Maji yanayopungua hurudishwa kwa maji yasiyo na madini, yaliyopatikana kwa kupoza mvuke, baada ya kuchaji na si kabla yake, isipokuwa bamba zikiwa wazi.

Baridi huleta hukumu yake. Betri ya risasi iliyojaa huhimili majira ya baridi ya Kanada, maana asidi yake haigandi hata katika nyuzi 50 chini ya sifuri, ilhali iliyokwisha huwa imebaki na kitu kilicho karibu na maji na huweza kuganda na kupasuka katika nyuzi kadhaa tu chini ya sifuri. Kwa hiyo trela inayolazwa bila kutumika huachwa na betri zilizojaa na swichi kuu ikiwa imezimwa. Betri za lithiamu za fosfati ya chuma zina tabia tofauti: mbili za ampea-saa 100 huwa na takriban kilo 24 tu na huruhusu karibu uwezo wote kutumika, lakini hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Wanaozinunua wengi huzihamishia ndani ya trela, hatua inayowezekana kwa kuwa hazitoi haidrojeni katika matumizi ya kawaida, na hivyo swali la fremu ya mbele hufungwa kwa namna nyingine. Betri za risasi ndizo zinazoendelea kuihitaji fremu hiyo, nazo hupendwa kwa bei yake na kwa kuvumilia baridi.

Breki inayotegemea betri

Kuna waya mmoja ambao haupaswi kuchanganywa na nyingine. Trela zenye breki za umeme huwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye fremu na kuunganishwa na gari kwa uzi wa chuma, ili trela ikichomoka gari likienda, uzi uchomoe pini, na betri ya trela ipeleke umeme kwenye breki na kuisimamisha. Trela ya magurudumu manne huhitaji takriban ampea 12 kwa kazi hiyo. Hapa ndipo nia njema huleta hatari: anayefunga betri mpya huongeza pia swichi kuu ya kuzimia kila kitu, na bila kutafakari huupitisha waya wa breki ya dharura ndani ya swichi hiyo, kwa hiyo siku swichi itakaposahaulika imezimwa, trela itasafiri bila breki ya dharura na hakuna taa itakayomwonya dereva. Waya huo lazima ufike kwenye betri moja kwa moja, bila kupitia swichi kuu.

Kwa sababu hiyo jaribio la mwisho la kazi nzima ni la breki. Trela ikiwa imeungwa kwenye gari uwanjani palipo sawa, waya wake wa umeme ukiwa umechomolewa na swichi kuu imezimwa, pini huvutwa kwa mkono na gari huendeshwa mbele polepole mno. Magurudumu ya trela yakikataa kuzunguka, betri, nyaya na vyuma vimefanya kazi yake kwa pamoja, na pini hurudishwa mara moja ili sumaku za breki zisipate moto. Yakizunguka, mfungaji hana sababu ya kuhesabu ampea-saa alizoongeza, kwa kuwa betri iliyowekwa mbele ya trela ina wajibu wa kwanza kwa watu walio barabarani, na taa na hita za walio ndani huja baada ya hapo.